Mkia wa Mbuzi wa Matanga

Mkia wa beberu ukiloweshwa, ukasuguliwa kwa majivu, kisha ukaning'inizwa juu ya moshi wa jikoni, hutoa harufu isiyojua sabuni. Wengine huziba pua. Mimi hutafuta pa kukaa. Juzi nilipita nyuma ya nyumba ya mjukuu wangu nikawakuta vijana wanababua mbuzi wa karamu. Mkia walikuwa wameutupa pembeni, karibu na beseni, nao umelowa chepechepe. Nikasimama pale na fimbo yangu mpaka mmoja wao akaniuliza, mimi bibi yao, "Koko, iko nini? Unagonjwa?" Nikamwambia siumwi, nautaka ule mkia. Walicheka hao! Walidhani uzee umenipanda kichwani na sasa nataka kupika mikia. Wacheke tu. Wamekulia kando ya ziwa hilihili na hawajui kwamba babu zao walivua samaki kwa nywele.

Nyinyi wa rika langu mnajua ninachosema, hasa mliokulia kati ya Mboko na Baraka, enzi za kapita wa pamba, wale wanyapara wa Wazungu, kabla ya hizi nyavu zinazokomba hata vitoto vya samaki. Kuhe hakuvuliwa kwa wavu. Kuhe ni samaki mkubwa, tumbo la manjano, hasira karibu, na alitegwa kwa chambo cha nywele. Unachukua ndoano ndefu, unaifungia kichwani nywele za mkia wa mbuzi kwa uzi uliopakwa nta ya nyuki, unaziacha zilale nyuma yake, ndefu kama kiganja pamoja na vidole. Nyeupe zinakaa chini na nyeusi zinakaa juu, kwa sababu vidagaa vyote vina tumbo jeupe na mgongo mweusi, na baba yangu alikuwa akisema Mungu alipopanga hivyo hakukosea. Shingoni unafunga utepe mwekundu, hayo ndiyo matamvua. Ukikishika mkononi kitu hicho ni takataka. Ukikitia majini na mtumbwi ukaanza kwenda, nywele zinajikusanya, zinajiachia, zinajikusanya tena, na utaapa kwamba kina roho.

Kamba yake ilifungwa kwenye kidole gumba cha mguu, maana mikono ina kazi ya kupiga kafi. Kuhe akiuma, mguu ndio unaopata habari kwanza. Kidole cha baba kilikuwa na mfereji uliochimbwa na kamba, nami nikiwa mdogo nilipenda kupitisha kucha yangu humo. Alikuwa akijifanya ameumwa na kuhe, anapiga kelele, anaanguka na kigoda chake, na mama anamwambia aache upuuzi, chakula kimeiva. Nilikuwa mtoto wao pekee aliyebaki hai. Nilidekezwa mno, nisiseme uongo.

Basi siku moja baba hakurudi. Asubuhi ziwa lilikuwa shwari, mchana upepo ukatoka upande wa rasi ya Ubwari bila hodi, na jioni mitumbwi mingine yote ilikuwa imepandishwa mchangani isipokuwa wake. Walioenda kumtafuta walikuta mtumbwi umepinduka kwenye miamba, kafi inaelea karibu. Mwenyewe hayupo. Kila walipotoka ziwani wanawake waliwauliza kwa macho, nao wakajibu neno lile lile: "Tunamutafuta." Nililishika neno hilo. Wanamtafuta. Kitu kinachotafutwa kipo mahali.

Kisha wazee wa ukoo wakakaa, wakasema haifai mtu kubaki bila kaburi, roho yake itatangatanga na kusumbua walio hai. Ninyi mnajua desturi: mwili usipoonekana, unakatwa mgomba, unafungwa sanda, unalazwa kaburini mahali pa mtu, na watu wanaulilia machozi ya kweli. Mimi sikujua. Nilikuwa na miaka sita, labda saba. Siku hizo waliojua umri wetu vizuri walikuwa mapadri tu. Nilipenya kati ya miguu ya watu wazima mpaka ukingoni mwa shimo, na sanda ilipojikunja upande mmoja nikaona maganda ya kijani. Nikasema kwa sauti, "Iyi ni mugomba!" Mama mmoja akaniziba mdomo kwa kiganja chenye jasho. Lakini nilikuwa nimekwisha kuona. Na nikawaza kwa akili yangu yote ndogo kwamba watu wazima hawawezi kuzika mgomba ila kama wanajua mwenyewe yuko hai. Kama angekuwa amekufa si wangemzika yeye?

Homa ikanishika siku hiyohiyo, ile ya kutetemesha meno. Kwa hiyo siku ya kunyoa watu vichwa nililala mkekani karibu na mlango, macho yamenivimba, naangalia. Shangazi, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyeshika wembe. Alimnyoa mama kwanza. Nywele za mama zilikuwa nyingi, nyeusi, kila Jumamosi alikuwa akizisuka kwa uzi mweusi na kuniachia mimi nishike ncha. Zikawa zinaanguka mapajani mwake na yeye hazitazami. Kisha Shangazi akamnyoa baba mdogo, naye akanyolewa, kisha wengine wa ukoo. Alipofika kwangu akanigusa paji akasema, "Huyu mutoto iko na moto. Tumuache, tutamunyoa kisha." Akazikusanya zile nywele zote kwenye jani la mgomba, akalifunga, akampa baba mdogo. "Peleka ku ziwa," akamwambia. Baba mdogo akalitia kwapani akatoka. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua tena, wageni wa matanga walikuwa wamekwenda zao, mbuzi mweusi wa Shangazi aliyechinjwa kwa ajili yao amekwisha kuliwa, na nyumba iko kimya.

Nilipopona Shangazi alinijia na wembe. Nikakimbia. Alinikamata nyuma ya choo, mwanamke yule alikuwa na mbio, nikamng'ata mkono nikapiga kelele: "Sinyolewi! Baba hayakufwa! Munazika mugomba!" Hakunipiga, na hadi leo namshukuru kwa hilo. Alisema tu, "Bon. Asiyenyolewa haingii kwa mama yake. Utakaa inje." Hiyo haikuwa adhabu aliyoitunga yeye. Mjane alikuwa ndani, kwenye mkeka, na aliye ndani ya kilio hagusani na asiyelia naye. Mlango ukawa pale, wazi, na pazia la kitenge, na mimi siwezi kupita. Kuingia kwa mama kulitaka nikubali kwamba baba amekufa. Nikachagua kukaa nje.

Jamani, upweke wa mtoto ni mrefu. Mtu mzima akiwa peke yake ana kazi zake, ana mawazo yake ya kwenda na kurudi. Mtoto ana mchana tu. Wenzangu hawakutaka kucheza nami. Walikuwa wameambiwa kwamba aliye na nywele za msiba anatembea na msiba, basi nikikaribia wanatawanyika wanapiga kelele, "Usituguse, we! Haujanyolewa!" Nilicheza kombolela peke yangu, nikajificha, nikajitafuta. Usiku nililala kwa Shangazi, lakini mchana Shangazi alishinda kwa mama. Mimi nilikuwa nikienda kukaa nyuma ya nyumba yetu, mgongo kwenye ukuta wa udongo, upande ule ulipokuwa mkeka wa mama. Nilimsikia akikohoa, nami nikakohoa. Baada ya kitambo akakohoa tena, na hapo nikajua kwamba si kifua kinachomuuma. Tulikuwa tukikoholeana hivyo mpaka jua linapofika juu ya mihogo, kisha nafukuzwa na joto.

Joto lilinipeleka kwa baba mdogo. Alikuwa hajaoa bado, amejenga kijumba na baraza yake, mtu wa maneno machache, tofauti kabisa na baba. Sasa alikuwa na nyumba mbili za kulisha. Nilimkuta amekaa barazani, kichwa kinang'aa, anafunga chambo. Na mikononi mwake kulikuwa na nywele nyeusi.

Nyeusi tupu. Baba alikuwa akitumia nyeupe na nyeusi. Hizi zilikuwa nyeusi peke yake, rundo zima juu ya paja lake. Nilisimama. Si ndiye aliyepewa jani lile? Si ndiye aliyeambiwa apeleke ziwani? Nikaunganisha mwenyewe, hakuna aliyenisaidia: anamtafuta baba kwa nywele za mama. Nywele za mbuzi huita kuhe, basi za watu wake zitamwita baba. Msinicheke. Nywele za mbuzi zimenyooka na zetu zimejikunja, na mtoto yeyote aliyezaliwa kwetu anajua tofauti. Ningejua kama ningetaka kujua.

Nikakaa karibu yake. Hakunifukuza, hakuniuliza habari ya wembe. Alichukua nywele kidogo sana, akazilinganisha ncha kwa kuzipigapiga ukuchani, akazilaza juu ya ndoano, akazungusha uzi, akavuta kwa meno. Nikamuuliza kwa nini haziweki zote mara moja. "Zikikuwa mingi hazipumue," alisema. "Inakuwa sawa fagio. Kuhe hakamatake fagio." Akazungusha tena. Nikamuuliza kama kuhe anakula nywele. Akanitazama, nadhani alifurahi kuulizwa kitu kinachojibika.

"Hakuliake," alisema. "Siyo njaa. Kuhe, yeye na bibi yake, banachunga batoto. Bakiwa na batoto, bote babili banasimama pale, habatoki. Sasa iyi kitu ikipita karibu, yeye anaona ni mwizi ya batoto wake. Anakuja na hasira yote. Njo pale ndoano inamukamata."

"Hata akiwa mbali?"

"Hata akiwa mbali. Akiona batoto wake biko na hatari, anakuja."

Nilirudi kwa Shangazi jioni ile nikiwa mtu mwingine. Nilikula bugali yote. Shangazi akasema homa imeisha kweli.

Kuanzia hapo nilimngoja baba mdogo mchangani kila siku. Mtumbwi ukigusa mchanga mimi nilikuwa wa kwanza kushika ukingo na kuchungulia ndani. Mara kuna kuhe mmoja anapigapiga mkia, mara hakuna kitu ila maji na kopo la kuyachota. Yeye alidhani nina njaa. "Leo hamuna, mama," alikuwa akiniambia, maana kwetu mtoto wa kike anaitwa mama na baba zake, na kunipitishia mkono kichwani, kwenye zile nywele ambazo wengine hawakutaka kuzigusa. Nami nilimtazama machoni nikiona kwamba amechoka, na nikadhani najua anachochoka nacho. Anamvuta baba na baba haji. Kwa nini haji? Nywele za mama zimo, za Shangazi zimo, zake mwenyewe zimo. Nikafikiri mpaka nikapata jibu, nalo likaniuma: zangu hazimo. Baba anaona chambo kinapita na hakioni kitu cha mtoto wake. Kwa nini aje?

Mchana mmoja, Shangazi akiwa kwa mama, nikachukua wembe kwenye kopo lake. Nikaenda kujibanza kati ya majani ya mihogo, nikashika nywele za juu ya kichwa kwa mkono wa kushoto na kukata kwa wa kulia. Nilikata nywele na ngozi kidogo. Damu ikanishukia hadi kwenye nyusi, nikaipangusa kwa jani. Sikulia, nilikuwa na shughuli. Sikuwa nimenyolewa, nilijiambia, nimetoa tu kidogo, tena si kwa kilio chao. Ndoano nilikuwa nayo, moja kuukuu ya baba iliyokuwa imechomekwa kwenye ukuta wa baraza yetu. Uzi niliutoa kwenye ukingo wa gauni langu. Nikafunga kama nilivyoona. Nywele zangu zilikataa kulala, zilijikunja zikawa kishungi, nikizivuta hivi zinarudi vile, na fundo langu lilikuwa kubwa kuliko chambo chenyewe. Matamvua mekundu sikuwa nayo, lakini damu yangu ilikuwa imeshika pale, nikaona itatosha.

Nilimpelekea baba mdogo barazani kwake. Nikamwekea kwenye kiganja.

Alikigeuza. "Iyi ni nini?"

"Ya kuvutia baba."

Akakitazama tena, akanitazama kichwani, akaona pale palipokwanguka. Nikaona niharakishe kumweleza kabla hajakasirika. "Umevuta na nywele ya mama, na ya shangazi, na yako. Hakuje. Yangu njo ilibakia. Akiona yangu atakuja na hasira yote."

Nimeishi miaka mingi na nimewaona wanaume wakipigwa na mambo mengi, vita zimepita juu yetu, lakini uso ule wa baba mdogo sijauona tena. Aliweka uzi chini. Aliweka nta chini. Akainama akachukua lile rundo jeusi pajani mwake, na kumbe chini yake kulikuwa na ngozi, na ngozi ile ilikuwa na umbo la mkia. Akaniletea puani. "Nusa," akasema. "Ni mukia ya mbuzi. Ile mbuzi ya matanga. Nywele yenu nilitupaka mu mayi siku ile ile, vile shangazi alisema. Sikuvuta baba yako, mama. Navuta samaki tu, juu mukule."

Nilinusa. Ilikuwa harufu ya mbuzi, na moshi, na majivu. Nilijua kwamba ni mbuzi. Nikamwambia, "Unanidanganya."

"Sikudanganye."

"Vuta na yangu! Haujavuta na yangu!"

Hapo nililia. Nililia kwa kupiga miguu chini, kwa kujitupa, kilio chote ambacho sikukitoa makaburini, na bado nilikuwa nikilia kwa ukaidi, si kwa msiba. Yeye alingoja. Nilipobaki na kwikwi akasema, "Kesho asubui utakuja na mi. Utavuta mwenyewe."

Shangazi aliposikia aliruka. Mtoto wa kike mtumbwini! Tena asiyenyolewa, tena baba yake bado yumo mlemle! "Unataka ziwa ibebe na huyu?" alimwambia. "We iko na akili?" Baba mdogo hakupaza sauti, sijawahi kumsikia akipaza. "Yaya," alimwambia, maana ndivyo tunavyomwita dada mkubwa, "mutoto hajaona maiti. Aliona mugomba. Atasadiki nini?" Shangazi akaenda jikoni na kupiga sufuria moja kwa nyingine. Asubuhi alinifunga kitambaa kichwani, akakaza fundo mpaka macho yakanivutika, na kunitia kiazi cha kuchoma mkononi.

Baba mdogo alikuwa amekifungua chambo changu na kukifunga upya. "Zako peke yake haziogelee," alinieleza, na nikaona kwamba ni kweli, maana alizichovya majini ukingoni zikakusanyika zikawa donge. Kwa hiyo zangu alizilaza ndani, karibu kabisa na ndoano, na juu yake akaweka nywele ndefu za yule mbuzi mweusi. Shingoni aliweka utepe mwekundu. Akaniketisha mbele yake, akanifunga kamba kwenye kidole gumba cha mguu, si kwa fundo la kukaza bali la kufyatuka, na nyuma yangu akaishika kwa mguu wake mwenyewe, asije samaki akanichukua. Tukaenda.

Maji yalikuwa meupe kwa asubuhi. Ubwari ilikuwa ng'ambo, buluu, kimya, imejilaza pale kana kwamba haijamfanyia mtu kitu. Nilitazama kidole changu. Alipita karibu na miamba, taratibu, akageuka, akapita tena. Kiazi kilipoa mkononi mwangu. Jua lilipopanda nilianza kumwita baba moyoni, si kwa jina lake, maana mtoto halitaji, nikamwita tu. Nilimwambia nywele zangu hizo, ziangalie vizuri, zimefunikwa na za mbuzi lakini zimo ndani.

Na kamba ikavutwa.

Ilivutwa kwa nguvu ambayo haijapata kunishika tangu nizaliwe, mguu wangu ukaruka, fundo likafyatuka, na kamba ikaanza kukimbia ndani ya mikono ya baba mdogo. Nilisimama mtumbwini, kitu ambacho hakifanywi kamwe, nikapiga kelele iliyofika, naamini, hadi nchi kavu: "Baba! Baba! Ni mi!" Baba mdogo alinishika gauni kwa mkono mmoja na kamba kwa mwingine. Hakuniambia nikae. Hakuniambia nyamaza. Alivuta, akaachia, akavuta, nami naendelea kuita, na chini mle majini kitu kikubwa kikawa kinapanda, cheusi kwanza, kisha kikageuka ubavu.

Kilikuwa cha manjano.

Alikuwa kuhe. Alikuwa mkubwa, mdomo wazi, chambo changu kimemkaa pembeni mwa taya, na nywele za mbuzi zimelowa zimemgandia shavuni. Alinitazama kwa jicho lile la samaki ambalo halimtazami mtu. Baba mdogo akampandisha, akampiga kichwani kwa rungu, mara moja, akatulia. Nami nikakaa chini.

Sikuuliza kitu. Mtu hahitaji kuelezwa. Nilikuwa nimeita kwa sauti yangu yote, kwa nywele zangu, na aliyekuja ndiye aliyekuwako. Kama baba angekuwa ndani ya maji yale na ana masikio, angekuja. Nilimjua baba yangu. Asingemwacha samaki amtangulie.

Baba mdogo aliosha mikono akaninywesha maji kwa kiganja. Kisha akasema, taratibu, "Tumurudishe mu mayi?" Nikatikisa kichwa. Nikamwambia, "Tupelekee mama." Akageuza mtumbwi. Njiani alikuwa akilia. Nilimsikia nyuma yangu, kafi inaingia majini, inatoka, na yeye analia kama mwanamume anavyolia, bila sauti, kwa pua tu. Alikuwa ndugu yake. Hadi dakika ile haikunijia akilini kwamba na yeye amefiwa.

Tulipanda toka mchangani pamoja, samaki tumembeba kwa kijiti kilichopita matamvuani, upande mmoja yeye, upande mmoja mimi, mkia unaburuzika upande wangu kwa sababu ya ufupi wangu. Watoto walisimama kutuona wala hawakukimbia. Shangazi alikuwa mlangoni kwa mama anapeta unga. Alituona, akasimama, ungo mkononi.

Ndani, nyuma ya pazia, mama alisikia nyayo na mkia wa samaki ukiburuzika. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kukaa bila kutumika. "Ni nani ameua samaki?" aliuliza.

Baba mdogo akasita. Akanitazama. Kisha akajibu: "Ni mutoto ya marehemu."

Shangazi akanigeukia upesi, mkono wa ungo ukainuka kidogo, maana alinijua. Kila mtu pale kijijini alinijua na kelele zangu. Alingoja niseme kwamba baba hajakufa, kwamba ni mgomba. Baba mdogo naye alingoja. Nadhani na mama, kule ndani, alikuwa amezuia pumzi.

Nikafungua kitambaa kichwani.

"Ni mi, mama," nikasema.

Mama akasema, "Yaya, lete wembe. Nitamunyoa mi mwenyewe."

Nikapita pale penye pazia. Kulikuwa na giza na joto ndani, na mama alikuwa mdogo kuliko nilivyomwacha. Alitandaza miguu. Nikakaa katikati ya magoti yake, nikainamisha kichwa.